Njia ya Majeruhi, Likoni Hadi Msambweni

Ukishuka feri pale Likoni, shika barabara ya Lungalunga. Utapita Waa na Tiwi hadi Ukunda, na ukikata kushoto utajikuta Diani, kwenye mchanga mweupe na hoteli za watalii. Ukiendelea mbele utaiacha mikoko ya Gazi, kisha ufike Msambweni, zaidi ya kilomita 50 kutoka kivukoni.

Sasa itazame njia hiyo kwa jicho la daktari. Hospitali kuu ya Pwani iko kisiwani Mombasa, ng'ambo ya maji. Ya Msambweni iko mbali kusini. Mtu akikatwa panga Ukunda usiku, utampeleka wapi kabla damu haijamwishia?

Swali hilo si la kubuni. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua polisi na kupora bunduki. Kisha wakawageukia watu wa bara. Nyumba na vibanda vilichomwa, na ghasia zikaenea hadi Ukunda na Diani. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na wapatao 100,000 wakayahama makazi yao. Maelfu walijazana katika kanisa Katoliki la Likoni. Wenyeji nao waliumia mikononi mwa askari waliokuwa wakiwasaka wavamizi. Haya yote yalitokea miezi michache tu kabla ya Uchaguzi Mkuu wa Desemba. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Tuliyaita machafuko, hatukuyaita vita. Lakini jeraha la panga halijui tofauti hiyo.

Usidhani kazi ya daktari mahali kama hapo ni kushona majeraha tu. Yuko mama mjamzito ambaye uchungu umemshika akiwa amelala sakafuni. Yuko mzee wa kisukari ambaye dawa zake zimeteketea pamoja na nyumba. Penye umati bila vyoo wala maji safi, kuhara kwaweza kuua watoto kuliko mishale.

Jambo gumu zaidi ni imani. Majeruhi anayeogopa kuulizwa kabila lake, au kukamatwa akiwa kitandani, atabaki kichakani hadi kidonda kioze. Ndiyo maana Mkataba wa Geneva wa 1864 uliagiza askari aliyejeruhiwa atibiwe, awe wa upande wowote. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya majeshi, lakini hata muuguzi wa zahanati ya kijijini anaielewa.

Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu, na gari laweza kufika kusini bila kungoja feri. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, msomaji, barabara haimfai majeruhi ikiwa jirani amefunga mlango. Ukienda Diani kupumzika, ijue pia zahanati iliyo karibu nawe. Na ukimkuta mtu anavuja damu, mfunge kitambaa kwanza. Jina lake utamwuliza akishapona.