Baiskeli ya Mzee na Buti la Gari

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii ilimthibitikia kijana mmoja wa Busia siku alipokuja kumchukua babake ahamie kwake Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Gari lilikuwa dogo, na buti lake fupi. Mizigo ilipokwisha kupakiwa, mzee alibaki amesimama uani, ameishika baiskeli yake aina ya Black Mamba, nyeusi, nzito, yenye breki za vyuma na keria pana.

"Baba, hii haitaingia," kijana alisema. "Tumwachie jirani. Huko nitakununulia mpya."

Mzee hakujibu. Kwa baiskeli hiyo alikuwa amewavusha abiria mpakani kwa miaka mingi, katika kazi iliyopata jina la bodaboda huko huko mipakani. Karo ya kijana huyo, tangu kidato cha kwanza, ilitoka kwenye keria ile.

"Niletee spana, mwanangu," hatimaye alinena.

Alitandika gunia, akaipindua baiskeli juu yake. Akafungua breki ya mbele, akalegeza nati mbili na kulichomoa gurudumu. Kisha akakata kijiti, akakikaza baina ya ncha za uma wa mbele ili zisipindike njiani. Akateremsha na tandiko.

Kijana, kwa soni, akajitolea kufungua pedali. Ya kulia ilitii. Ya kushoto alipoizungusha vivyo hivyo, ikazidi kukaza.

"Hiyo hufunguliwa kinyume," mzee alimwambia kwa upole. "Iliundwa hivyo isije ikalegea mtu anapoendesha."

Msomi wa chuo kikuu akainamisha kichwa. Miaka yote aliyobebwa kwenye keria hakuwahi kuuliza chombo kile hufanyaje kazi.

Mizigo ikashushwa. Viti vya nyuma vikalazwa, blanketi ikatandazwa, na fremu ikaingizwa kwa ubavu, upande wa mnyororo ukiwa juu ili usigandamizwe. Gurudumu la mbele, limeviringishwa kwa gunia, likalazwa juu yake. Mabegi ya nguo yalipandishwa juu ya gari, yakafungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Buti likafungika.

Aghalabu vijana hukiona cha wazee kuwa kikubwa mno kwa maisha yao mapya, wakakiacha kwa jirani. Ilhali nati nne na kijiti kimoja vilitosha kuitafutia baiskeli ile nafasi.

Jioni, mbele ya nyumba Nairobi, mzee alikaa kando na kumkabidhi mwanawe spana. Kijana akairudishia pedali ya kushoto, akiikaza kinyume, bila kuambiwa.