Kuaminiana Tena Baada ya Kuumizwa

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akina mama wengi wanaujua ukweli wa methali hii. Mama aliyewahi kudanganywa na mtu wa ndani ya nyumba yake hushtuka simu inapolia usiku, hushtuka mume akichelewa nusu saa, hushtuka hata anapoletewa zawadi. Je, mama wa namna hii anaweza kumwamini mtu tena? Sisi tunaoandika ni mume na mke, na kila mmoja wetu aliumizwa kabla hatujakutana. Tungependa kuwaeleza yaliyotupata, labda yatamfaa mtu.

Tunaishi Lushoto, mji mdogo katika milima ya Usambara, mkoani Tanga. Ni mji wa baridi, ambako watu hulima kabichi, viazi, karoti na mapeasi. Ukitoka Mombo, kwenye barabara kuu, unapanda kilometa zaidi ya 30 za kona kupitia Soni hadi kufika. Katika mji kama huu hakuna siri. Ukinunua nyama siku ya kazi, kufikia jioni jirani anakuuliza mgeni wako ni nani.

Mama alifiwa na mume wake wa kwanza mwaka 2011, akaachwa na watoto wawili. Hata arobaini ilikuwa haijafika, watu wakaanza kuja kudai fedha ambazo yeye hakuwahi kusikia kuwa zimekopwa. Kisha akaja mama mwingine kutoka Korogwe, na mtoto mgongoni mwenye sura ya marehemu. Basi Mama akawa na misiba miwili. Wa kwanza ulikuwa na watu wa kumfariji. Wa pili aliubeba peke yake. Na lililomuuma zaidi ni kwamba hapakuwa na wa kumuuliza. Mwenye majibu alikwisha zikwa.

Baba naye alikuwa amefiwa na mke mwaka 2009, akibaki na binti mmoja. Miaka miwili baada ya msiba, mshirika wake wa biashara aliondoka na fedha za mzigo mzima wa mboga. Tangu hapo alifanya kazi peke yake, alikula peke yake, na hakumkopesha mtu hata shilingi.

Tulikutana Januari 2014. Mama alikuwa na cherehani kwenye baraza moja karibu na soko, akishona sare za shule. Baba alileta kitambaa cha sketi ya binti yake. Mama alitaka alipwe fedha zote kabla ya kukata kitambaa, maana ndiyo ilikuwa desturi yake kwa wateja wote. Baba alitaka kulipa nusu, maana ndiyo ilikuwa desturi yake kwa mafundi wote. Mwishowe tulikubaliana: nusu siku ile, nusu siku ya kuchukua, Ijumaa saa kumi. Ijumaa saa kumi sketi ilikuwa tayari, na mwenye sketi alikuwa amesimama barazani na fedha mkononi.

Jambo hilo ni dogo sana, lakini sote wawili tulilitambua. Mtu aliyeumizwa havutwi na maneno matamu, kwa kuwa maneno matamu alikwisha yasikia. Anavutwa na mtu aliyesema Ijumaa na akaja Ijumaa. Baada ya sketi zikaja suruali za kupunguza, kisha mapazia, hata Mama akaanza kujiuliza nyumba ya mwanaume mmoja na mtoto mmoja ina madirisha mangapi.

Mji ulisema, kama miji midogo isemavyo. Ndugu wa marehemu walimwambia Mama kwamba hana ruhusa ya kuolewa nje ya ukoo akaendelea kukaa katika nyumba ile. Mwana wake mkubwa, aliyekuwa na miaka 14, aliacha kumwamkia Baba. Hatukumlazimisha. Mtoto naye alikuwa ameumizwa na baba aliyemwamini, na alikuwa na haki ya kuchukua muda wake.

Kipimo kikubwa kilikuja masika ya mwaka 2015. Baba alisafiri na mzigo kwenda Dar es Salaam, akasema atarudi Alhamisi. Alhamisi ikapita. Simu yake haikupatikana. Ijumaa mama mmoja sokoni alisema kwa sauti ya kusikika kwamba madereva na wafanyabiashara wote wana nyumba ya pili mjini. Mama alishona hadi usiku bila kujua anashona nini. Yale ya mwaka 2011 yalirudi yote.

Jumamosi mchana Baba alifika kwa miguu, ametapakaa matope hadi magotini. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo barabarani chini ya Soni, magari yamekwama, na simu yake iliingia maji. Alikuja moja kwa moja barazani. Kabla ya kuulizwa alitoa risiti za sokoni na daftari la mauzo, akaviweka juu ya cherehani, akasema: “Fundi, najua ulivyokaa siku hizi mbili. Niulize lolote. Uliza mpaka uishiwe maswali.”

Mama aliuliza. Aliuliza alilala wapi, na nani, alikula nini, nani alimwona. Aliuliza mengine ambayo kwa kweli alipaswa kuulizwa marehemu. Baba alijibu yote, akiwa amesimama, wala hakukasirika. Jioni ile, alipokuwa akifunika cherehani, Mama alijua kwamba angeweza kuishi na mtu huyu.

Akina mama, hapa ndipo tunapopenda mtutazame vizuri. Wengi hudhani kuaminiana ni kutouliza. Husema, “Kama unaniamini, mbona unaniuliza?” Sisi tumeona kinyume chake. Kuaminiana ni kuweza kuuliza bila woga na kujibiwa bila hasira. Nyumba ambamo maswali yamekatazwa si nyumba ya imani. Ni nyumba ya kimya, na kimya huficha mengi.

Kabla ya kufunga ndoa tulikubaliana mambo matatu. La kwanza, tulikwenda hospitali pamoja kupima virusi vya UKIMWI, na tulipokea majibu tukiwa chumba kimoja. La pili, kila mmoja aliandika madeni yake kwenye karatasi, hata deni la gunia la mahindi. La tatu lilihusu mali, na hapo tulimtafuta mtu anayefahamu sheria.

Tulijifunza kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inampa mjane uhuru wa kuishi apendapo, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanaume amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Tulijifunza pia kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki: mali aliyokuja nayo mke hubaki yake, ingawa iliyopatikana kwa jasho la wote wawili mahakama inaweza kuigawa ndoa ikivunjwa. Na nyumba wanamoishi wanandoa, hata ikiwa ni ya mmoja wao, haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzake. Wako watu waliotuambia kwamba kuulizia sheria kabla ya harusi ni dalili ya kutopendana. Kwetu ilikuwa faraja. Nyumba ya Mama ilibaki kwa ajili ya watoto wake, na Baba ndiye aliyeshauri hivyo.

Ndoa yetu ilitangazwa kanisani, na siku zote 21 za tangazo zikapita bila pingamizi. Tulifunga ndoa mwaka 2017. Yule mwana mkubwa ndiye aliyebeba viti.

Hatusemi kwamba woga umekwisha. Hadi leo Baba akichelewa, Mama hutazama saa. Na Mama akitoa fedha bila kutaja, Baba hukunja uso. Tofauti ni kwamba sasa tunajua la kufanya. Kila Jumapili jioni, watoto wakishalala, tunafungua daftari moja la mapato na matumizi, kisha kila mmoja anaruhusiwa swali lolote. Mara nyingi hakuna swali, tunakunywa chai tu.

Dada mpendwa, kama uliumizwa, usimpe mtu imani yako yote kwa siku moja, wala usiifungie yote sandukuni. Mpe kidogo, utazame anaitunzaje, akiitunza, mwongeze. Haba na haba hujaza kibaba. Na kama ni wewe unayeishi na mtu aliyeumizwa, usichoke kujibu. Huenda maswali mengine hayakuhusu wewe, lakini ni wewe uliyebaki wa kuyajibu.