Gurudumu la Nyuma

Ufundi nilijifunza kwenye baiskeli za Phoenix, Ngamiani, Tanga. Phoenix ina jino moja nyuma, yaani kigurudumu kimoja cha meno kinachopokea cheni. Unalegeza nati, unasukuma gurudumu mbele, cheni inalegea, unaivua. Ukirudisha, unalivuta nyuma hadi cheni ikaze. Basi.

Kisha zikaja baiskeli za gia, mitumba ya Japani na Ulaya, na mafundi wengi wakawa wanazikwepa. Mzee aliyenifundisha hakuzikwepa. Alikuwa na sharti moja: kwenye baiskeli ya gia hakuna kinachotolewa kwa nguvu. Sharti hilo limenilishia watoto.

Siku zote naanza na gia, spana baadaye. Nanyanyua nyuma, nazungusha pedeli na kuiteremsha cheni hadi jino dogo kabisa, lile la nje. Hapo mkono wa gia, ule unaohamisha cheni, unatoka kwenye njia ya gurudumu na cheni inapata ulegevu. Nafungua waya wa breki ili tairi lipite, kisha nalegeza nati. Naushika mkono wa gia, nauvuta nyuma taratibu huku nikisikia springi ikinisukuma kiganja, na gurudumu linashuka lenyewe. Cheni inabaki ikining'inia kwenye fremu, na hapo ndipo mahali pake.

Waendesha baiskeli wa mashindano wa zamani walitoa gurudumu la nyuma ili kubadili gia: walishuka, wakaligeuza, wakaendelea na jino la upande wa pili. Mashindano ya Tour de France hayakuruhusu gia za kuhamisha cheni hadi mwaka 1937. Inasimuliwa kwamba mwaka 1927, kwenye mlima wa Croce d'Aune, Muitaliano Tullio Campagnolo alishindwa kufungua nati kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, na ndipo alipowaza wenzo wa kufungulia gurudumu bila spana. Kila nikiufungua wenzo huo namshukuru.

Kurudisha ndiko kunakowashinda vijana. Cheni ina mistari miwili, wa juu na wa chini, na ekseli lazima iingie katikati yake. Mstari wa juu naulaza juu ya jino dogo, navuta mkono wa gia nyuma, napandisha gurudumu mpaka ekseli ikae pande zote mbili. Kabla ya kukaza natazama tairi: liwe katikati ya fremu, lisiegemee upande. Nakaza, narudisha breki, nazungusha na kupitisha gia zote.

Anayelazimisha hupinda kile kipande chembamba cha chuma kinachoshikilia gia. Mwenye baiskeli haoni kitu siku hiyo. Ataona atakapopanda mlima na kuweka jino kubwa: mkono wa gia unaingia kwenye spoku, gurudumu linakwama ghafla. Nimepokea baiskeli za namna hiyo nyingi, na wenyewe wakiwa na michubuko. Kwa sababu hiyo pia simruhusu mwanafunzi wangu kuilaza baiskeli upande wa kulia, uliko mkono wa gia, hata kwa dakika moja.

Ndugu msomaji, ukipeleka baiskeli ya gia kuzibwa pancha, simama utazame. Fundi akishika spana kabla hajateremsha cheni kwenye jino dogo, mwombe kwa adabu aanze na gia.