Vik, Kijiji Kinachotunza Majina

Boti ya mwendo kasi inayotoka Bergen, Norwei, hukata maji ya Sognefjord kwa saa kadhaa, na kwa muda wote huo mama mkwe wangu hakuketi. Alisimama dirishani ameshika karatasi kuukuu aliyoikuta ndani ya Biblia ya bibi yake, huko Minnesota. Ilikuwa na maneno matatu tu: jina la mwanamume, jina la baba yake, na jina la shamba. Hilo la tatu ndilo lililotutoa nyumbani.

Sognefjord ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu zaidi ya kilomita 200, na kina chake mahali pengine kinafika mita 1,300. Milima imesimama wima kando ya maji. Mwezi wa Mei theluji ya vileleni huyeyuka, maporomoko yakateremka mwambani kama mashuka yaliyoanikwa, na huku chini miti ya matunda inachanua maua meupe. Vik iko ng'ambo ya kusini, pale milima inapoachia nafasi kidogo. Jina lenyewe maana yake ni ghuba.

Wengi wanaotafuta asili yao Norwei hupotea kwa sababu ya majina. Mashambani, jina la ukoo la kudumu halikuwa desturi hadi sheria ya mwaka 1923 ilipolitaka. Ole mwana wa Hans aliitwa Ole Hansen; binti yake Anna akawa Anna Olsdatter. Ni Kamau wa Njoroge wa kwetu Nyeri, ni Ali bin Juma wa pwani. Baada ya jina la baba likafuata la shamba, nalo lilionyesha mtu anakaa wapi. Mwanamume akioa na kuhamia shamba la mkewe, alichukua jina la huko. Ndugu wa tumbo moja wangeweza kuzikwa kwa majina yasiyofanana hata kidogo. Kwa hiyo anayefuata jina la mtu huzunguka, na anayefuata jina la shamba hufika.

Jambo jingine lilinigusa zaidi. Kwa desturi yao ya zamani, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Nilipomweleza mama mkwe, ninayemwita Mama, kwamba hivyo ndivyo Wakikuyu tunavyofanya, alinishika mkono, akanyamaza kitambo.

Kumbukumbu zipo, na zinastaajabisha. Wachungaji waliandika ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi, waliochanjwa ndui, na hata waliohamia Marekani. Hifadhi ya nyaraka ya taifa imeweka vitabu hivyo kwenye intaneti, pamoja na sensa za 1801, 1865 na nyinginezo, na huhitaji kulipa chochote kuvisoma. Kisha kuna bygdebok, kitabu cha kijiji, kinachosimulia shamba moja baada ya jingine: nani alilima, alimwoa nani, alizaa nani, nani aliondoka.

Walioondoka walikuwa wengi mno. Meli ndogo Restauration ilitoka Stavanger mwaka 1825 na watu 52. Ikafika New York na 53, kwani mtoto alizaliwa baharini. Katika miaka mia iliyofuata waliondoka zaidi ya watu 800,000, na katika Ulaya ni Ireland tu iliyotoa sehemu kubwa zaidi ya watu wake. Watu walikuwa wameongezeka kutoka chini ya milioni moja mwaka 1801 hadi milioni 1.7 mwaka 1865, ilhali ardhi inayolimika ni takriban asilimia tatu ya nchi. Shamba alirithi mkubwa. Wadogo zake wengi wakawa husmenn, watu wa kibanda na kishamba cha kuazima wanaolipa kwa siku za kazi, kama maskwota wa Bonde la Ufa enzi ya walowezi. Halafu wakasikia kwamba Marekani, kwa sheria ya 1862, inagawa ekari 160.

Tulianzia kanisa la Hopperstad, la mbao tupu, lililojengwa karne ya 12. Vichwa vya joka vinachomoza kwenye paa, na ukiingia unapokewa na harufu ya lami ya msonobari. Mji wa Moorhead, Minnesota, una mfano wake wa ukubwa kamili, na Mama aliwahi kuuingia mara nyingi. Safari hii aliweka kiganja juu ya nguzo yenyewe, akakiacha hapo.

Kaburi la yule wa kwenye karatasi hatukulipata. Norwei kaburi halimilikiwi milele; miaka ikipita na asiwepo wa kulilipia, hupewa mwingine. Mama alikuwa amebeba maua. Mwenye shamba lile la kwenye karatasi, mwanamama wa makamo asiye na undugu nasi, alituongoza hadi ukingo wa malisho, kwenye mawe manne ya msingi wa kibanda. Maua yakawekwa pale.

Kisha akatukaribisha ndani. Mezani palikuwa na lefse, chapati laini iliyopakwa siagi na sukari, ambayo Mama huipika kila Krismasi kwa viazi, kama alivyofundishwa na bibi yake. Palikuwa pia na gamalost, jibini kavu la kahawia ambalo Vik inajivunia. Hutengenezwa kwa maziwa yaliyoondolewa mafuta, yakaachwa yagande na kuota kuvu, na harufu yake ni kali. Nilikula vipande viwili, na ningekula cha tatu.

Kesho yake ilikuwa tarehe 17 Mei, sikukuu ya katiba ya 1814. Walioandamana ni watoto wa shule, bendera mkononi, wakifuatwa na wazazi waliovaa bunad, vazi ambalo nakshi zake humwambia mjuzi mtu anatoka eneo gani. Mwenyeji wetu alimvika Mama shali ya marehemu mama yake, wakatembea wamekumbatana mabega.

Ukipata nafasi ya kwenda Vik, nenda Mei, ukae hadi tarehe 17. Na kama una babu aliyetoka huko, usiende kabla ya kujua jina la shamba.