Kwenda Mombasa: Jirani wa Karibu, Nchi Nyingine

Toka Makorora hata Mombasa si mbali. Wapanda basi hapa Tanga, wafika mpakani Horohoro, ng'ambo ni Lunga Lunga, kisha kivuko cha Likoni, ambapo aendaye kwa miguu halipi kitu. Bahari ni ile ile, dafu ni lile lile. Wadigo wako pande zote mbili, maana Waingereza na Wajerumani walipokata mpaka mwaka 1886 hawakuuliza nani ni shangazi wa nani. Basi wengi wetu huenda arusini au matangani kama waendao Pongwe tu. Hapo ndipo tunapojikwaa.

Kwanza, fedha. Hadi mwaka 1966 shilingi yetu ilikuwa moja. Mwaka ule kila nchi ikatoa yake. Jina likabaki, thamani zikaachana. Siku hizi shilingi moja ya Kenya yakaribia shilingi 20 za kwetu. Mama akiambiwa nauli ya matatu, yaani daladala ya huko, ni shilingi 100, asifurahi upesi: hiyo ni kama 2,000. Badili fedha benki au katika duka lenye kibali, na uiweke kando nauli ya kurudi kabla ya kununua zawadi.

Pili, karatasi. Kenya, Uganda na Rwanda zimepatana watu wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mapatano hayo. Mtanzania hana budi awe na pasi, au hati ya dharura ya Idara ya Uhamiaji. Na mtoto asisahauliwe. Msiba haungoji, lakini apitaye njia za panya akikamatwa huwaletea nduguze msiba wa pili. Heri kutafuta pasi wakati wa raha.

Tatu, kadi ya homa ya manjano. Kenya yahesabiwa kuwa na hatari ya ugonjwa huo, hivyo kadi hutakiwa urudipo nyumbani. Chanjwa siku 10 kabla ya safari. Tangu mwaka 2016 kadi hiyo yafaa maisha yote.

Mwisho, mzigo. Kenya ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2017, nasi mwaka 2019. Kikapu cha ukili chapita kote bila maneno.

Udugu hauna mpaka, wazazi wapendwa. Lakini mgeni mwema hamwachi mwenyeji wake akihangaika kumtoa polisi.