Frateri Bado Si Padri

Katika vijiji vyetu vya Buha kijana hupewa upadri na majirani miaka mingi kabla Askofu hajamwekea mikono. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, wewe uliye na mwana anayetamani kwenda seminari, na hata wewe usiye naye.

Kwetu ni Busunzu, wilayani Kibondo. Mdogo wangu, kitindamimba wa mama, alipomaliza kidato cha sita na kukubaliwa kuanza malezi ya upadri, habari zilifika kisimani kabla hazijafika shambani kwa baba. Jumuiya ndogo ndogo ilichanga shuka, sabuni na kitambaa cha kanzu. Wazee ambao jana yake walimtuma tumbaku sasa walimwita "Padri" na kumpisha kiti. Binti mmoja aliyezoea kutaniana naye njiani akaanza kumwamkia kwa kupiga goti. Naye kijana alikuwa na umri wa miaka 20, na kitu pekee alichokuwa nacho mkononi kilikuwa barua.

Hebu tuhesabu pamoja safari inayomngoja. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 yataka masomo ya seminari kuu yasipungue miaka 6 kamili: falsafa miaka 2 na theolojia miaka 4. Juu ya hiyo huongezwa mwaka wa malezi ya mwanzo na muda wa kazi za kichungaji parokiani. Huenda akasoma falsafa Kibosho au Ntungamo, kisha theolojia Segerea, Peramiho, au Kipalapala karibu na Tabora, ambako Mapadri Weupe walianzisha seminari mwaka 1925. Baadaye huja ushemasi, na ndipo upadri.

Je, miaka yote hiyo ni ya vitabu tu? La hasha. Ni miaka ya kupimana. Walezi humtazama kijana anavyosali, anavyoshika jembe bustanini, anavyopokea lawama mbele ya wenzake. Yeye naye hujitazama usiku, akijiuliza kama ataweza kuishi bila mke na mtoto hadi uzeeni. Upande wowote waweza kusema hapana, na hapana hiyo si kosa wala dhambi. Lakini kijijini tunalo neno moja tu la kuieleza: "Amefukuzwa."

Namfahamu mmoja, si wa kwetu Busunzu, aliyerejea nyumbani akiwa mwaka wa pili wa falsafa. Hakuiba, wala hakumkosea mtu. Aliona tu kwamba si wito wake, akawaambia walezi wake, wakaagana kwa amani. Amani hiyo haikumfuata nyumbani. Mama yake aliacha kwenda kwenye sala za jumuiya, na yeye mwenyewe alitoka nje jioni tu, mpaka alipopata nauli ya kwenda Mwanza. Nauliza: wangapi wamebaki seminarini kwa kuogopa macho ya majirani? Padri aliyepatikana kwa hofu ya namna hiyo atamfariji nani?

Babu yetu alikwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyokwenda Waha wengi wa siku zile, wakiitwa manamba. Kazi ilikuwa ngumu na ujira mdogo, lakini mkataba ulikuwa na mwisho. Aliporudi, hakuna aliyemuuliza kwa nini hakubaki mkongeni maisha yake yote. Ajabu ni kwamba tulimpa manamba ruhusa ya kurudi, tukamnyima frateri.

Wapo wanaofika mwisho. Kardinali Protase Rugambwa, aliyekuwa Askofu wetu wa Kigoma kuanzia mwaka 2008 hadi 2012, alipadirishwa Dar es Salaam mwaka 1990 na Papa Yohane Paulo wa Pili mwenyewe. Wapo pia waliopita seminarini wakatokea mlango mwingine. Benjamin Mkapa alisoma katika seminari ya Kigonsera kabla ya kwenda Pugu, na kuanzia mwaka 1995 hadi 2005 alikuwa Rais wa nchi yetu. Sijapata kusikia mtu akisema kwamba Kigonsera ilipoteza chakula chake bure.

Baba yetu si msemaji. Wiki ile ya michango alikuwa na mtamba mmoja aliyemtenga kwa ajili ya mahari ya huyu mtoto wake wa mwisho. Majirani walimshauri amwuze ili kijana aende na sanduku jipya na viatu vya maana. Hata mama aliona hivyo, na alilia, akidhani kumbakiza mtamba zizini ni kumwombea mwana ashindwe. Baba alikataa. Aliuza magunia mawili ya maharage badala yake, kisha akamwita mdogo wangu zizini, nami nikiwapo.

"Nenda ukasome," alimwambia. "Ukipata upadri, ng'ombe huyu atachinjwa siku ya misa yako ya kwanza. Ukirudi kabla ya hapo, yupo."

Mdogo wangu hakujibu kitu, ila alicheka kwa mara ya kwanza tangu barua ile ifike. Sasa yuko mwaka wa kwanza wa falsafa. Katika barua zake husimulia habari za Kilatini na ubaridi wa asubuhi, na mwishoni huuliza habari za zizi. Mtamba amekwisha kuzaa, ndama dume.