Hamira, mahamri na mashine zinazofungua jeni

Nimekuwa kimya wiki tatu, mniwie radhi. Nilikuwa Lamu kwa shangazi yangu, ambaye anaugua saratani ya ovari. Ripoti ya maabara ilisema uvimbe wake umepoteza protini iitwayo ARID1A. Kwa kuwa mimi ni "mtu wa kompyuta", alinipa karatasi pale barazani akaniuliza, "Mwanangu, hii ni nini? Nimewarithisha binti zangu?"

Usiku ule sikulala, nilisoma. Nilichoelewa ni hiki.

DNA ya seli moja ikinyooshwa hufika kama mita 2. Ili itoshee ndani ya kiini, huzongwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama mshipi wa mvuvi kwenye kibao. Kila fundo lina histoni 8, na jozi 147 hivi za herufi za DNA zimelizunguka. Sisi waandika programu tungesema faili limebanwa. Sasa, faili lililobanwa halisomeki mpaka lifunguliwe. Kazi hiyo hufanywa na mashine za protini, mojawapo ikiitwa SWI/SNF. Hutumia ATP, nishati ya seli, kulisukuma fundo kando au kuling'oa kabisa ili jeni isomeke.

Shangazi huuza mahamri, kwa hiyo nilimwanzia kwenye hamira. Miaka ya 1980 watafiti walichunguza hamira zilizoshindwa kuchachusha sukari, na herufi SNF zimetoka huko. Ajabu ni kwamba jeni ya kuvunja sukari ilikuwa nzima! Katika baadhi ya hamira hizo, kilichoharibika ni mashine ya kuifungua.

Sisi binadamu tunazo mashine za ukoo huohuo, na ARID1A ni kipande kimoja cha mashine hizo. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba jeni yake imeharibika katika karibu nusu ya saratani za ovari za aina kama ya shangazi. Mara nyingi kasoro hiyo huzuka ndani ya uvimbe wenyewe, hairithiwi. Sikutaka aniamini mimi tu, tukampigia daktari wake. Naye akasema vivyo hivyo.

Shangazi alinyamaza kitambo. "Basi si mimi niliyewapa," akasema, akaenda kukanda unga.

Matibabu bado yanaendelea. Haya, kwa leo niishie hapa. Tuonane tena!